Seva Mpya, Funguo za Zamani: Somo Nililolipata Fildi ya Mkuza

Wanachuo wenzangu, darasani mtandao tunafundishwa kwa michoro: kompyuta huku, swichi katikati, seva kule, na mishale inakwenda bila shida. Fildi haina mishale. Ina mama mhasibu aliyesimama nyuma ya kiti chako, anatazama saa ya ukutani.

Mimi hilo lilinikuta Mkuza, Kibaha, katika ofisi moja isiyo mbali na Barabara ya Morogoro, ambayo sitaitaja jina. Wiki ya pili ya fildi, seva ya zamani ya kutunzia mafaili ilibadilishwa mwisho wa wiki. Msimamizi wangu alihamisha kila kitu, akahakikisha mafaili yapo yote, tukafunga ofisi tukiwa na furaha. Jumatatu asubuhi yeye alikuwa na kikao Dar es Salaam. Nikabaki mimi.

Saa mbili na nusu simu zikaanza. “Dogo, folda ya pamoja haifunguki.” Mwingine: “Inanidai paswedi, na jana haikuwa inadai.” Kisha akaja mama mhasibu mwenyewe. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia haraka, akasema, “Mwanangu, orodha ya malipo ya vibarua imo humo. Benki wanaitaka kabla ya saa tisa. Ikichelewa, watu hawalipwi leo.”

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani hili ni tatizo moja. Nilisikia “haifunguki” mara tano, nikaamini ugonjwa ni mmoja. Nikaanza kubonyeza huku na kule, nabadilisha hiki, nabadilisha kile, bila kuandika popote. Ilipofika saa nne nilifanya lile ambalo wengi wenu mngelifanya: niliingia kwenye seva, nikaipa folda ya mishahara ruhusa ya “kila mtu”, kusoma na kuandika. Mama mhasibu akafungua. Akanishukuru. Nikajiona fundi.

Dakika ishirini baadaye kijana wa mapokezi akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kaka, hivi mimi natakiwa kuona mshahara wa meneja?”

Nilitoka jasho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tuliyonayo Tanzania ni ya mwaka 2022, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mimi nilikuwa nimeivunja roho yake kwa kubonyeza mara mbili tu. Nikaondoa ile ruhusa, nikampigia msimamizi na kumweleza ukweli. Hakunigombeza. Alisema, “Chukua karatasi. Andika kila kompyuta inasema nini, neno kwa neno. Halafu panga, ndiyo uguse.”

Nilipoandika, nikakuta si tatizo moja. Yalikuwa manne.

La kwanza: kompyuta zilizosema njia ya mtandao haikuonekana, kosa namba 0x80070035. Hapo mteja hajafika hata mlangoni kwa seva, kwa hiyo usihangaike na nywila wala ruhusa. Anza chini: kebo, swichi, anwani. Seva iliitika ping, lakini kuitika ping si ushahidi kwamba huduma ya mafaili inafanya kazi. Huduma hiyo husikiliza kwenye poti 445, na poti hiyo ndiyo ya kupima. Nikaipima kwa amri ya Test-NetConnection, ikawa wazi. Basi shida ilikuwa nini? Njia za mkato za watumiaji ziliandikwa kwa anwani ya tarakimu ya seva ya zamani, na seva mpya ilikuwa na anwani nyingine. Tulizifuta, tukaziandika upya kwa kutumia jina la seva. Anwani hubadilika, jina unaweza kulihamisha.

La pili: waliodaiwa nywila kila mara. Windows huhifadhi nywila za zamani kwenye Credential Manager, na huzitoa yenyewe bila kukuuliza. Seva mpya inapewa ufunguo wa nyumba iliyokwisha hamwa. Futa ile ya zamani, ingia upya. Hapa pia utakutana na kosa namba 1219: Windows haikubali mtu mmoja aunganishwe na seva ileile kwa majina mawili ya mtumiaji kwa wakati mmoja. Amri ya net use itakuonyesha miunganisho iliyopo, ukate isiyotakiwa.

La tatu ndilo la mama mhasibu: anaingia, folda anaiona, akiifungua anaambiwa hana ruhusa. Kumbuka kuna milango miwili. Upo wa folda inayoshirikiwa mtandaoni, na upo wa mafaili yenyewe ndani ya diski. Ulio mkali zaidi ndio unaoshinda. Jingine ni kwamba mfumo haumjui mtu kwa jina, unamjua kwa namba ya utambulisho ya akaunti. Ukiunda akaunti mpya yenye jina lilelile, kwa mfumo huyo ni mtu mwingine kabisa. Mafaili yalihamishwa yakiwa na namba za akaunti za zamani, ambazo seva mpya haizitambui. Dawa ilikuwa kuunda kundi la uhasibu, kumtia mama mhasibu humo, na kulipa kundi hilo ruhusa kwenye folda ile tu.

La nne: skana ya zamani ya ofisi iligoma kutuma nakala kwenye seva. Yenyewe ilijua SMB1 tu, toleo la kwanza la itifaki hii ya kushirikishana mafaili, na seva mpya ilikuwa imelifunga. Kishawishi ni kulifungua tena. Usifanye hivyo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia udhaifu katika SMB1, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, ingawa Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Mwaka huohuo Windows 10 mpya zikaanza kuja bila SMB1 kuwashwa, na mwaka 2019 Samba, programu inayoziwezesha seva nyingi za Linux kugawana mafaili na Windows, nayo ikaizima katika toleo la 4.11. Kwa hiyo seva haikuharibika, ilikuwa inatulinda. Skana tukaiweka iandike kwenye flashi mpaka ofisi ipate nyingine.

Orodha ya malipo ilitoka saa nane na robo. Mama mhasibu aliondoka na bodaboda, bahasha imekumbatiwa kifuani. Jioni, nikiwa kituoni nasubiri daladala ya Mbezi, alipita akaniambia, “Wamelipwa.” Neno moja tu.

Nawaachia hili, nyinyi mnaokwenda fildi mwaka huu. Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho kabla ya kugusa chochote. Jiulize mteja amekwama wapi: hajafika, amefika lakini hatambuliwi, au ametambuliwa lakini hana ruhusa. Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uende kingine. Na siku mtu amesimama nyuma ya kiti chako akitazama saa, usimfungulie kila mtu mlango ili mmoja apite. Kitu kikifunguka, hiyo peke yake haimaanishi kwamba umekitengeneza.