Wakubwa Wakigombana, Msomi Huenda Wapi?

Ukitoka mjini Arusha kwa barabara iendayo Moshi utafika Tengeru, chini ya Mlima Meru. Hapo pana mambo mawili yatufaayo kwa somo la juma hili. La kwanza ni makaburi ya Wapolandi. La pili ni Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa Novemba 2012. Makaburi yale yatukumbusha watu waliosukumwa na ugomvi wa mataifa hata wakafika kwetu. Taasisi ile yatuonyesha njia mojawapo ya kuwazuia wana wetu wasisukumwe vivyo hivyo.

Swali letu ni hili: Mataifa makubwa yashindanapo, wenye elimu hupatwa na nini? Nasi wazazi yatupasa kufanya nini?

1. WAGENI WA TENGERU

Mwaka 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziliigawana nchi ya Poland. Wapolandi wengi walichukuliwa na Wasovieti wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1941 Hitler alipowageukia Wasovieti, watu hao waliachiliwa, wakapitia Iran. Tangu mwaka 1942 maelfu yao walikuja Afrika ya Mashariki. Tengeru pekee ilipokea wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa na shule zao na kanisa lao. Vita vilipokwisha, nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti, na wengi hawakuthubutu kurudi. Walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia.

Tuangalie jambo moja. Mwalimu wa hesabu akifukuzwa kwao, hesabu huondoka naye. Shamba haliwezi kuhama, wala mgodi hauhami, lakini elimu hukaa kichwani mwa mtu, na mtu ana miguu. Ndiyo maana mataifa hugombania watu wenye elimu kama yanavyogombania dhahabu.

2. MILANGO MIWILI ILIYOFUNGUKA

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wasomi wetu walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba wahandisi walikuwa wawili na madaktari 12. Wakati huo huo Marekani na Wasovieti walikuwa wakishindana kutafuta marafiki katika Afrika.

Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Hata kufikia mwaka 1963 walikwisha kwenda karibu 800, wengi wao Wakenya, pamoja na wengine wa Tanganyika na Uganda. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilikataa kwanza kugharimia safari hizo. Lakini mfuko wa ukoo wa Kennedy ulipoahidi dola 100,000, katika mwaka wa uchaguzi, ghafula serikali nayo ikasema iko tayari kulipa! Upande wa pili, Moscow ilifungua mwaka huo huo chuo kikuu cha urafiki wa mataifa, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba.

Katika waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai wa Kenya. Alisoma elimu ya viumbe katika chuo cha masista Wabenediktini huko Kansas, akarudi, akapata udaktari wa falsafa Nairobi mwaka 1971, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Basi hatuwezi kusema kwamba mashindano yale hayakutuletea faida. Wahenga walisema: Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

3. MLANGO HUFUNGWA NA ALIYEUFUNGUA

Walakini furaha ya kunguru haidumu. Mwaka 1965 Tanzania iliruhusu Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ujerumani ya Magharibi ilichukizwa, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, pamoja na wakufunzi waliokuwa wakiwafundisha vijana wetu urubani. Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na msaada mwingine uliobaki, maana hakutaka nchi ichaguliwe marafiki kwa nguvu ya fedha. Vijana wale walikuwa na kosa gani? Hawakuwa na kosa lolote. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha lilifundisha waziwazi kwamba anayetegemea fedha za nje auhatarisha uhuru wake.

Yapo na machungu zaidi. Februari 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, wanafunzi wa Kiafrika walikimbia vyuo vya Ukraine wakiwa na mikoba yao tu. Na Januari 2023 Serikali yetu ilitangaza kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kwa masomo ya juu. Alikuwa amefungwa gerezani huko, akaahidiwa kuachiliwa akikubali kwenda vitani, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Mama alimtuma mwana kutafuta shahada, akarudishiwa jeneza. Hapa sharti tukumbuke methali ya pili: Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

4. MASHINDANO YA SIKU HIZI

Leo mashindano makubwa ni ya Marekani na China, nayo yahusu hasa akili mnemba, yaani mashine za kompyuta zilizofunzwa kwa maandishi na picha nyingi mno hata zikaweza kujibu, kutafsiri na kutambua. Kazi hiyo yahitaji vitu vitatu: mitambo, habari nyingi, na watu wenye ujuzi. Oktoba 2022 Marekani iliweka amri za kuizuia China isipate mitambo bora, ikawakataza na raia wake wasisaidie kazi hiyo kule. Wahandisi kadhaa iliwabidi waache kazi zao. Septemba 2025 Marekani iliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya wataalamu wa kigeni. Oktoba 1 mwaka huo huo China ilianzisha viza mpya ya kuwavuta vijana wa sayansi. Huyu alipobana mlango, yule aliufungua.

Nasi tumeguswa. Desemba 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo lililoiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wao wamezuiliwa viza kadhaa, pamoja na za masomo, kuanzia Januari 1, 2026. Sababu iliyotajwa ni watu kukaa kupita muda wa viza. Hiyo si sababu ya vita wala ya kompyuta, lakini kwa kijana mwenye barua ya chuo mkononi mlango ni ule ule.

5. YATUPASA NINI?

Kwanza, tusiwakataze watoto kusafiri. Elimu haina adui, na Wangari asingekwenda Kansas, Kenya ingalipoteza mengi.

Pili, mzazi anayetaka kuuza kipande cha kihamba ili mwana aende ng'ambo aulize kwanza: Ni nani alipaye? Ataka nini? Shahada hiyo yatambuliwa nchini? Ugomvi ukizuka, mtoto atarudije? Tena aulize ubalozini kabla ya kutoa fedha, maana amri hizi hubadilika upesi.

Tatu, tuiheshimu elimu ya hapa nyumbani. Wapo wazazi waonao haya kusema, “Mwanangu yupo Tengeru,” lakini hujivuna kusema, “Yupo ng'ambo.” Kumbe hapo Tengeru watafiti wamekusanya picha za majani ya mahindi na migomba, wazifunze kompyuta kutambua magonjwa ya mimea yetu. Ni nani wa mbali atakayejisumbua kwa ugonjwa wa mgomba wa Meru, kama si sisi?

Nne, aliyekwenda asikatwe na kwao. Tumwandikie, tumwulize habari za masomo, wala tusimwombe fedha tu. Mtu hurudi mahali anapojua kwamba angojewa.

Ugomvi wa wakubwa hatuwezi kuuzuia. Lakini aliye na shule yake nyumbani huenda kwa jirani kwa hiari, na mlango wa jirani ukifungwa, bado ana pa kusomea.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
(a) Kwa nini mataifa hugombania wasomi?
(b) Methali zile mbili, ipi yafaa zaidi kwa siku zetu?
(c) Katika jamaa yetu, ni nani aliye masomoni mbali, na mara ya mwisho tulimwandikia lini?