Kupanga Nyumba au Kununua Katika Mji wa Ghali

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu: miongoni mwa mambo yanayowatia watu wa Mombasa wasiwasi ni nyumba ya kukaa. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na ardhi ni ghali. Mwenye mshahara wa wastani huambiwa na jamaa zake ya kwamba kila shilingi ya kodi imetupwa baharini. Maneno haya yamewaingiza wengi katika madeni, nayo hayana asili katika sharia. Kodi ni badala ya manufaa: mpangaji amesitirika yeye na ahali zake, na mwenye nyumba amepokea haki yake. Ijara ni halali kama kuuziana kulivyo halali.

Mwenye kutaka kununua na aanze kwa hisabu. Nyumba ikiuzwa kwa shilingi 12,000,000, na iliyo mfano wake ikapangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, basi bei hiyo ni kodi ya miaka 25. Ushuru wa stempu, ambao katika miji ya Kenya ni 4 kwa mia, utakuwa shilingi 480,000, yaani kodi ya mwaka mzima kabla hajafungua mlango. Bado ujira wa wakili na matengenezo. Na chumvi ya bahari haina huruma na bati.

Kisha aangalie anachouziwa. Mombasa ina desturi ya nyumba bila ya ardhi: kuta na paa ni za huyu, kiwanja ni cha yule, na kila mwezi hulipwa kodi ya ardhi. Kuuza jengo pasipo ardhi kwajuzu. Lakini wanazuoni wameshurutisha ijara ya ardhi iwe na muda maalumu, na muda huo mara nyingi haukuandikwa. Siku kiwanja kinapouzwa na mnunuzi akakitaka kitupu, aliyeitwa mwenye nyumba miaka 30 huamka hali ni mwenye mabati. Nyumba ya namna hii ni rahisi kwa bei, na urahisi wake una sababu.

Ama kununua kwa mkopo wa riba, ghali ya mji haikuihalalisha riba maadamu nyumba za kupanga zipo. Kulipa kwa mafungu ni jambo jingine. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kwamba Abu Rafi alimtaka Saad bin Abi Waqqas anunue vyumba vyake viwili vilivyokuwa katika uwanja wa Saad. Saad hakukubali kuzidisha juu ya 4,000, tena kwa mafungu. Na Abu Rafi, ijapokuwa mwingine alikwisha mpa dinari 500, alimwuzia Saad kwa haki ya ujirani. Muuzaji wa namna hii hutafutwa kwanza katika jamaa na majirani.

Kenya tangu mwaka 2008 zimo benki zinazofuata sharia. Katika musharaka unaopungua, benki na mtu hununua nyumba kwa shirika. Mtu hulipa kodi ya fungu la benki, huku akilinunua kidogo kidogo. Na aulize: nyumba ikiungua, hasara ni ya nani? Wala asidhani ya kwamba halali maana yake ni rahisi. Huenda akalipa zaidi.

Anayeweka akiba ili anunue asisahau zaka. Nyumba ya kukaa haina zaka, bali fedha zilizofika nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa 2.5 kwa mia, ijapokuwa zimekusudiwa nyumba.

Na kwa kuwa deni la maiti hulipwa kabla ya warithi kugawana, mnunuzi wa mafungu na aandike mbele ya mashahidi alicholipa na kilichobaki, mjane na mayatima wapate kujua kilicho chao. Mpangaji naye aandike amana aliyoiweka kwa mwenye nyumba, kwani hiyo pia ni mali ya warithi wake.