Nilianza na Alama Zilizopotea

Nilipokabidhiwa kazi ya kusimamia ubora chuoni kwetu, kosa la kwanza nililifanya kwa bidii kubwa: niliandika mwongozo wa kurasa mia na kitu. Seneti ikaupitisha, ukachapwa, ukagawiwa. Muhula uliofuata niliukuta kwa mkuu mmoja wa idara, umezuia dirisha lisijifunge kwa upepo. Baadaye ndipo nilipoisoma vizuri ISO 9001 ya 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora: haidai tena mwongozo wa namna ile, kama ilivyodai ya 2008. Nilijichosha bure.

Nikaanza upya na lalamiko moja. Kila muhula wanafunzi wenye alama zilizopotea walijaa mlangoni kwa afisa mitihani. Nikachagua somo moja, nikafuata safari ya karatasi za majibu kutoka chumba cha mtihani hadi kwenye mfumo wa matokeo. Kila kituo niliuliza watu wanafanya nini, si kanuni inasema nini. Aliyenifumbua macho ni katibu muhtasi wa idara: wanaorudia somo walisaini karatasi ya pembeni, na karatasi hiyo haikuambatana na bahasha ya majibu. Wasomi tulikuwa tumeunda kamati mbili juu ya jambo hilo. Yeye hakuwamo hata katika moja.

Dawa ikawa fomu ya ukurasa mmoja: waliosaini wangapi, karatasi ngapi, nani katoa, nani kapokea. Hesabu zikipishana, bahasha haitoki chumbani.

Nawe ukishatatua lalamiko moja namna hiyo, ndipo uanzishe ukaguzi wa ndani. Usimpe mtu kukagua idara yake, na wakaguzi wazoee kusema "nionyeshe" badala ya "mnafanya?" Hojaji za wanafunzi zihamishie katikati ya muhula, mwalimu awahi kujirekebisha mbele ya wanafunzi wale wale.

Ila ISO hutazama mwenendo wa kazi. Haitakwambia kama mtaala wako umechakaa. Kwa hilo, chuo cha Afrika Mashariki kichukue mwongozo wa IUCEA, baraza la vyuo vikuu la kanda lenye makao Kampala: programu hujitathmini yenyewe kwanza, kisha wenzenu wa nje huja kuipima.

Ukaguzi wetu wa kwanza ulikuta kasoro ofisini kwangu: sikutunza kumbukumbu za mafunzo ya wakaguzi. Nikajaza fomu ya marekebisho, nikapewa siku 30 kama wengine.