SOMO: Kambi ya Kujiandaa na Chuo

Wapendwa, tukisikia neno kambi sisi tunawaza hema na foleni ya mgao. Iko ya namna nyingine. Huko Marekani, tangu 1998, College Horizons hukusanya kwa siku chache za likizo vijana wa sekondari wa makabila yaliyokuwako kabla ya Wazungu. Wanaketi na watu walewale wanaopokea wanafunzi vyuoni, wanachagua chuo, wanaandika barua ya kujieleza, wanauliza karo italipwaje.

Wazazi wa kule wana sababu ya kuogopa shule. Mwaka 1879 ilifunguliwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania. Watoto walitengwa na jamaa zao, wakanyolewa, wakakatazwa lugha ya kwao. Shule nyingine za namna hiyo ziliendeshwa na makanisa, wala sisi wachungaji tusilifiche. Basi kijana anayemtaja bibi yake na lugha yake katika barua ya chuo anafanya jambo zito.

Mzazi, keti na mwanao aliye sekondari. Mwulize: ukijieleza kwa ukurasa mmoja, utaanzia wapi? Na vyeti vyake viko wapi? Changu kilibaki juu ya kabati siku tulipokimbia.