SOMO LA KILIMO: MAHINDI YANAPOKOPA MWILINI MWAKE

Hebu tembelea shamba la mahindi machanga kwenye luseni. Ukiona majani ya chini yamegeuka zambarau kuanzia ncha na kingo, usitafute mchawi. Mara nyingi mmea una njaa ya fosforasi. Hiki ni chakula ambacho mmea hukipata udongoni.

Utando wa mafuta

Jani limejengwa kwa seli nyingi, ndogo mno kuonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Ndani yake mna vyumba, navyo vina tando zake. Mafuta ya tando nyingi yana fosforasi.

Njaa ikiingia

Mmea unabomoa sehemu ya mafuta hayo, unatoa fosforasi na kuitumia penye haja kubwa zaidi. Lakini utando hauwezi kuachwa na matundu. Basi vyumba vya kijani, vinavyotengeneza sukari kwa mwanga wa jua, vinatengeneza mafuta yenye sukari badala ya fosforasi. Mafuta hayo yanahamia kwenye tando nyingine kuziba pengo.

Yanapitaje? Seli imejaa maji, na mafuta na maji hayapatani. Wasafiri wa Mwanza kwenda Geita walivuka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko. Tangu mwaka 2025 wanapita darajani. Ndani ya seli pia zimo protini zinazobeba mafuta kama kivuko. Na pale tando mbili zinapokaribiana sana, protini nyingine huwa kama daraja.

Deni lazima lilipwe

Mmea unajisaidia, lakini unakopa mwilini mwake. Njaa ikizidi unadumaa, na mavuno yanapungua. Hata mchimba dhahabu wa Geita anategemea ugali wa mahindi haya.

Tufanye nini? Samadi iliyooza vizuri ina fosforasi. Itoe zizini, itandaze shambani kabla ya kupanda. Ipo pia mbolea ya mawe yanayochimbwa Minjingu, mkoani Manyara. Baridi nayo huweza kuleta rangi ya zambarau, kwa hiyo mwite bwana shamba aone kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mafuta yanahitaji kubebwa ndani ya seli?
2. Udongo ukikosa fosforasi, mmea unaitoa wapi?
3. Samadi ya zizi lako inaishia wapi?