Furaha Ndogo za Siku ya Kazi

Somo la wakati wa kipupwe. Yasomwe kwanza: Yohana 21:1–14, Kutoka 16:13–21, Mhubiri 3:12–13.



Katika nchi za Ulaya siku za baridi ni Desemba na Januari, nazo huja na theluji. Sisi tukaao kusini kidogo ya ikweta twapata baridi yetu Juni, Julai na Agosti, wala theluji hatuioni. Hapa Mkolani, penye barabara itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, ni wakati wa ukavu. Mvua imekoma, majani yamekauka, vumbi latanda njiani, na upepo wa kusini wavuma. Nchi yetu ya ziwani iko juu ya bahari kwa mita 1,130 na zaidi, kwa hiyo kabla ya mapambazuko baridi huweza kufika karibu na nyuzi 15. Atokaye nyumbani saa kumi na moja alfajiri hujifunga kitenge au huvaa koti, na wengi wetu hutoka tukinung'unika.

Juu ya siku ya namna hiyo twataka kujifunza mwezi huu. Si sikukuu, si siku ya mavuno, si ya ubatizo wala ya arusi. Ni Jumanne tu, yenye baridi na vumbi na kazi. Je, Mungu ametuwekea nini ndani yake?

1. Neno la Mungu latufundisha nini?

Yohana atusimulia habari za wanafunzi saba waliokwenda kuvua katika bahari ya Tiberia. Walikesha usiku kucha wasipate kitu. Kulipokucha Bwana Yesu alisimama ufukoni, akawaagiza watupe wavu upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa 153. Sisi watu wa ziwani twaipenda sana hesabu hiyo. Walakini tusiliruke jambo dogo lililoandikwa kabla yake: waliposhuka katika nchi kavu, waliona moto wa makaa umekwisha kuwashwa, na samaki juu yake, na mkate.

Fikirini, ndugu. Bwana alikuwa amekwisha kushinda mauti. Angaliweza kuwajia wale saba kwa ngurumo na utukufu. Naye alishughulika na makaa ya moto, ili watu waliochoka kwa kazi ya usiku wapate chakula cha asubuhi. Basi kama Mwana wa Mungu hakuona haya kufanya hivyo, sisi tutaonaje haya kumshukuru kwa chai ya moto?

Martin Luther naye alikuwa na fikira hiyo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la riziki ya kila siku, hakuhesabu chakula peke yake. Alihesabu pia viatu, nyumba, mume au mke, hewa nzuri, rafiki wa kweli na majirani wema. Yote hayo ni mkate wa kila siku.

2. Tuvihesabu vipawa vya siku moja

Tulimshukuru Mungu kwa shangwe lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi mwezi wa Juni 2025, lenye urefu wa kilometa 3 juu ya maji tuliyokuwa tukiyavuka kwa kivuko. Ni haki kushukuru kwa mambo makubwa kama hayo. Lakini daraja hufunguliwa mara moja tu. Jumanne huja kila juma. Asiyejua kushukuru ila kwa makubwa, siku zake nyingi zitapita bila shukrani.

Basi tuhesabu. Asubuhi ni moto wa mkaa, na mikono miwili inayoota joto juu yake kabla sufuria haijatokota. Ni uji wa mtama, au chai yenye tangawizi, na kikombe kilicho moto hata vidole vyafurahi kukishika. Njiani ni mzee akuitikiaye “Mwangaluka!” kana kwamba alikuwa akikungoja wewe. Ndani ya daladala ni kiti cha dirishani upande wa jua. Saa tatu jua limepanda, koti lavuliwa, na mtu aliyesimama katika baridi tangu alfajiri asikia joto likimwingia mabegani.

Mchana kazini mtu afungua kitambaa, atoa michembe iliyopikwa pamoja na karanga, amgawia mwenzake. Viazi vile vilikatwa vikaanikwa katika jua hili hili la kiangazi. Mvua ingalinyesha, vingalioza. Kadhalika dagaa walioanikwa mwaloni: ukavu tunaoulalamikia ndio uwakaushao. Jioni miamba yetu mikubwa bado ina joto la mchana, na mtoto aketipo juu yake hataki kuitwa ndani. Tena usiku usio na mwezi, akaaye mahali pa kuonea ziwa huziona taa za wavuvi wa dagaa zimepangana juu ya maji, mfano wa mji mwingine.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kitakachoandikwa katika taarifa ya mwaka ya usharika. Walakini vyote vilitolewa, na Mtoaji ni mmoja.

3. Fundisho la upepo

Wenye elimu ya maji wamechunguza ziwa letu, wakaona jambo la ajabu. Miezi ya joto, maji ya juu huwa na joto kuliko ya chini, nayo hayachanganyiki vema. Hapo maji ya kilindini hupungukiwa na hewa ambayo samaki huihitaji. Lakini ifikapo Juni na Julai, upepo mkavu wa kusini huyapoza maji ya juu. Maji yaliyopoa huwa mazito, hushuka, na ziwa huchanganyika tangu juu hata chini. Ndivyo hewa inavyofika tena vilindini, na penye kina kirefu kabisa ni yapata mita 80.

Basi upepo ule ule unaotufanya tujikunyate alfajiri ndio ulipatiao ziwa pumzi. Hatusemi kwamba kila taabu ni njema. Maandiko hayasemi hivyo. Twasema tu ya kwamba mtu anayejua baridi peke yake, asiulize kitu gani kimefichwa ndani yake, ameijua nusu ya siku.

4. Mambo matatu ya kujihadhari nayo

La kwanza ni mazoea. Wana wa Israeli walipewa mana kila asubuhi, na iliyowekwa mpaka kesho yake iliingia mabuu. Shukrani nayo ndivyo ilivyo. Ya leo haiwekwi akiba mpaka Jumapili. Anayesema, “Nitashukuru siku ya mavuno,” akifika siku ile huona moyo wake umekauka.

La pili ni kumsahau aliyetangulia kuamka. Hapa tuungame wenyewe, sisi tuandikao somo hili. Asubuhi nyingi tumekunywa chai, tukasema, “Asante, Bwana,” tukatoka. Hatukumwambia neno mama wa nyumba aliyeacha usingizi wake, akapepea mkaa katika upepo, moshi ukimwingia machoni. Shukrani ya namna hiyo ni nusu. Mungu hutupa chai kwa mkono wa mtu, na mkono huo una baridi. Nyumba nyingi za Wakristo hazivunjwi na dhambi kubwa iliyo wazi. Zaharibika polepole, kwa sababu mmoja huamka kila siku wala mwenzake haoni. Naam, yule dereva wa alfajiri, na mwanamke auzaye maandazi kando ya njia, na mvuvi aliyekesha, hao nao ni mikono ya Mungu kwetu.

La tatu ni kuigeuza furaha ndogo iwe kitu cha kufunga vinywa vya watu. Tajiri asimwambie kibarua ambaye hajalipwa, “Ridhika, jua ni zuri.” Yakobo 5:4 yatuonya ya kuwa ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kelele hiyo humfikia Mungu. Wala tusimhubiri mjane asiye na mkaa habari za utamu wa chai. Kwanza tumpelekee mkaa, na majani ya chai, tukae tunywe pamoja naye. Furaha ikikomea kwangu, bado haijamaliza kazi iliyotumiwa na Mungu.

5. Basi tufanyeje?

Twawashauri ndugu jambo moja jepesi kwa juma moja. Kila jioni, kabla ya sala ya nyumbani, kila mtu ataje kitu kimoja kidogo kilichomfurahisha siku hiyo, na mtu ambaye kwa mkono wake kilimfikia. Watoto nao waseme, wala wasichekwe. Kisha asubuhi ifuatayo aliyetajwa aambiwe, ikiwa yu karibu. Kama ni mkeo, mwambie kabla hujakinywa kikombe. Tena siku moja katika hizo saba, wewe uliyezoea kuamshwa, amka kwanza ukawashe moto.

Mhubiri, aliyeona taabu nyingi chini ya jua, alisema ya kuwa mtu kula na kunywa na kuona mema katika kazi yake ni karama ya Mungu. Hakusema hivyo kwa sababu maisha yalikuwa mepesi, alikwisha kuyapima. Nasi tuipokee karama hiyo hapa, katika upepo na vumbi la Julai. Aliyewasha moto kando ya bahari ya Tiberia hajaacha kuwaandalia wafanya kazi wake.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Kwa nini Bwana Yesu aliwasha moto kabla wanafunzi hawajafika nchi kavu?
2. Taja vitu vitatu vidogo vilivyokufurahisha jana. Kila kimoja kilikufikia kwa mkono wa nani?
3. Ni nani katika mtaa wetu asiye na moto asubuhi hizi za baridi? Tutamfanyia nini kabla juma halijaisha?
4. Kuridhika na kunyamazia udhalimu vyatofautianaje? Someni tena Yakobo 5:1–6.

Sala

Bwana Mungu, twakushukuru kwa siku za kazi. Utufumbue macho tuvione vipawa vyako vidogo, na watu unaotuletea kwa mikono yao. Ututie moyo wa kuamka mapema kwa ajili ya wengine, kama ulivyotuandalia wewe kwanza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.