Intaneti Nyumbani bila Waya za Kuning'inia: Mfano wa Bute

Katika ua wenye nyumba mbili mjini Bute, Wajir Kaskazini, mwanafunzi anayesomea nyumba ya nyuma huweza kuikosa intaneti iliyomo sebuleni. Makala haya yanafafanua namna ya kulitatua tatizo hilo bila kutandaza waya ukutani. Ruta hapa ni kifaa kinachogawa intaneti nyumbani.

Kuta za mawe hudhoofisha mawimbi ya Wi-Fi, na mabati huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo, kwanza, ruta iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na kabati la chuma. Hatua hii haina gharama. Pili, kwa vyumba vya mbali yachaguliwe masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta kuliko ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo. Tatu, nyumba ya nyuma ipewe ruta ya pili kwa kebo isiyozidi mita 100, ipitishwe darini, kisha uani ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa ardhini.

Inabainika kwamba unadhifu wa nyumba na mahitaji ya msomi havipingani. Mpango hutangulia ununuzi.